Fidia si Mshahara

Mikataba mingi ya ajira Tanzania huandikwa kwa Kiingereza, na baadhi yake huwa na kifungu chenye kichwa cha habari compensation. Mfasiri mwenye haraka hufungua kamusi, akakuta "fidia", akaandika: "Fidia ya mwajiriwa itakuwa shilingi 500,000 kwa mwezi." Sarufi imetimia, lakini maana imepotoka. Mtu aliyekwenda kazini mzima na kurudi mzima amepoteza nini hata afidiwe?

Neno hilo la Kiingereza lina maana mbili: malipo ya kazi na malipo ya hasara. Kiswahili kimezitenga. Malipo ya kazi ni ujira, na ujira wa mwezi ni mshahara, neno linalotokana na shahr, yaani "mwezi" kwa Kiarabu. Juu ya mshahara kuna posho na marupurupu, na mwisho wa utumishi kuna kiinua mgongo. Kwa hiyo kifungu kile kiitwe "malipo ya mwajiriwa" au "mshahara na marupurupu".

Fidia nayo ilitoka Uarabuni, ila mzizi wake ni kukomboa: kutoa kitu ili kufunika pengo la kingine. Mwislamu analijua neno hili kwa Ramadhani: mzee asiyeweza tena kufunga hulisha maskini kwa kila siku aliyokula. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hulikuta katika habari za ukombozi. Kote huko kuna pengo, na kuna wajibu wa kuliziba. Maana hiyo ndiyo iliyoingia katika sheria za kazi.

Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi Julai 2015. Tazama kihusishi kilichochaguliwa. "Fidia ya wafanyakazi" ingeweza kusomeka kana kwamba wafanyakazi ndio wanaolipa. "Kwa" inaonyesha fedha inaelekea wapi. Mchango wa Mfuko hutolewa na mwajiri peke yake, sasa asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, na haruhusiwi kuukata katika mshahara wa mtu.

Chukua seremala wa kiwandani anayelipwa hizo 500,000. Msumeno unamkata vidole. Hatakiwi kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. La msingi ni kwamba aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Mfuko utagharimia matibabu, na kwa muda ambao hawezi kufanya kazi atapata asilimia 70 ya mshahara, yaani 350,000 kwa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu ukibaki, hupimwa kwa asilimia: usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo hulipwa pensheni. Akifariki, wategemezi wake wana haki yao. Malipo haya, moja moja, huitwa mafao. Fidia ndiyo haki yenyewe. Mafao ni sura zake. Kenya, katika sheria yake ya mwaka 2007 kuhusu majeraha ya kazini, ilibeba dhana ya mafao hadi kwenye jina la sheria, na huko mwajiri hutakiwa kuwakatia bima wafanyakazi wake.

Kuna mpaka mwingine wa kulinda. Tembo akila shamba au mamba akiua mtu, Serikali ya Tanzania hulipa chini ya Kanuni za Kifuta Jasho na Kifuta Machozi za mwaka 2011. Majina hayo yalichaguliwa kwa uangalifu: ni mkono wa pole, haudai kulingana na hasara. Vivyo hivyo rambirambi anayopeleka mwajiri msibani. Ni jambo la utu, na apewe shukrani zake. Lakini rambirambi hupimwa kwa moyo wa mtoaji, na fidia hupimwa kwa pengo la aliyeumia. Familia iliyopokea bahasha msibani haijapokea fidia, na isikubali kuambiwa imeshamalizana na mwajiri.

Ndiyo maana siwezi kuliona kosa la yule mfasiri kuwa dogo. Mkataba ukiuita mshahara fidia, siku ya ajali mjane anaweza kujibiwa: "Fidia mumeo alikuwa akiipokea kila mwezi." Sheria haiikubali hoja hiyo hata kidogo. Mjane ambaye karatasi pekee aliyonayo ni mkataba ule anaweza kuikubali, akarudi nyumbani bila kudai.

Kwa hiyo anayetafsiri mkataba ajiulize: fedha hii inalipia jasho au inaziba pengo? Na anayetia saini, akiliona neno fidia limekaa mahali pa mshahara, aombe lisahihishwe kabla kalamu haijagusa karatasi.