Skwota na Mlowezi

Habari ya bomoabomoa ikitoka Kilifi au Lamu, neno moja halikosi: maskwota. Tumelizoea hata hatujiulizi limetoka wapi.

Huko Marekani ya karne ya 19, skwota alikuwa mzungu aliyewahi kukata miti na kujenga kibanda kwenye ardhi ya serikali kabla haijauzwa. Sheria ya 1841 ikampa nafasi ya kwanza kuinunua, hadi eka 160. (Wenyeji waliokwisha kufurushwa humo hawakuwa na neno lao katika sheria hiyo.) Huko Australia, skwota alikuwa mfugaji wa kondoo aliyejimegea malisho bila kibali, akatajirika mpaka jina likawa la heshima.

Neno hilohilo likafika Bonde la Ufa la Kenya, likapinduka. Hapo skwota alikuwa Mwafrika aliyelima kijishamba na kuchunga mbuzi kwenye shamba la setla wa kizungu, kodi yake ikiwa jasho: sheria ya 1918 ilimdai siku zisizopungua 180 za kazi kwa mwaka. Setla, tangu 1915, alipewa hati ya miaka 999. Baada ya Vita vya Pili maskwota walipunguziwa mifugo, wengi wakafukuzwa, na hasira yao ikawa kuni za vita vya Mau Mau.

Kinachonikera ni kwamba Kiswahili kina neno la anayehamia nchi ya watu akabaki moja kwa moja: mlowezi, kutokana na kulowea. Tukampa mzungu hilo, naye akatuachia lile lake la ubabe, tukalivaa sisi.

Pwani limevaliwa vibaya zaidi. Sheria ya 1908 ilitaka kila mwenye dai la ardhi ajitokeze. Wamijikenda wengi, wenyeji wa huko, hawakuandikishwa, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali ya kikoloni. Leo mjukuu wao hupanda mihogo na mahindi kwa hisani ya mwenye hati. Akichimba shimo la mnazi, ugomvi huanza palepale. Muhogo hung'olewa ukaisha. Mnazi husimama miaka mingi ukimtolea ushahidi aliyeupanda.

Wahariri, neno "wakazi" lina herufi sita, "maskwota" nane. Katika kichwa cha habari nafasi ni haba. Chukueni lililo fupi.