Kwato zikisahauliwa, punda huugua mwaka mzima

Punda anayechechemea huku akivuta mkokoteni wa mitungi ya maji ni kitu cha kawaida katika miji mingi ya Kenya, kiasi kwamba wapita njia hawageuzi tena macho. Mara nyingi kilema hicho hakikuletwa na ajali wala na mzigo wa siku moja. Kilianza miezi mingi kabla, katika kwato ambazo hakuna aliyeziinua na kuzitazama.

Ukwato ulioharibika hurekebishika, lakini si kwa mkato mmoja wa kisu. Anayetaka kuumaliza mchana mmoja humwacha mnyama katika hali mbaya kuliko alivyomkuta.

Sababu iko katika maumbile. Ukwato ni jamaa ya ukucha wa binadamu. Ukuta wake wa nje ni mgumu, hauna damu wala hisia, na hukua kuteremka kutoka pale nywele za mguu zinapokomea. Ndani yake mna mfupa ulioshikiliwa na mamia ya vikunjo vya nyama laini, vinavyofumana na ukuta huo kama vidole vya mikono miwili. Vikunjo hivyo ndivyo vinavyobeba uzito wa mnyama pamoja na mzigo wake. Ukuta hukua chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi, hivyo sehemu ya mbele huhitaji karibu mwaka mzima kufanyika upya kutoka juu hadi chini. Hakuna dawa inayoweza kuufupisha muda huo.

Punda wa kufugwa ni mzao wa punda mwitu wa Afrika, mnyama wa nchi kavu yenye mawe. Utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba alianza kufugwa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika yapata miaka 7,000 iliyopita. Huko alikotoka alitembea mwendo mrefu kila siku akitafuta malisho, na mawe yakasugua kwato kwa kadiri zilivyokua. Akifungwa kamba penye ardhi laini, kwato huendelea kukua bila kusuguliwa. Ncha ya mbele hurefuka na kupinda kuelekea juu mithili ya kiatu cha sultani katika michoro ya kale, uzito hurudi nyuma visiginoni, nazo kano za nyuma ya mguu huvutika kupita kiasi.

Katika nyanda za juu zenye mvua nyingi tatizo ni lingine. Ukwato wa punda hunyonya maji upesi kuliko wa farasi, na punda anayelala kwenye tope na samadi hupata kwato laini, zinazooza pale ukuta unapokutana na unyayo. Uchafu na vijiwe hupenya hapo na kuzaa majipu. Naye punda wa mjini, anayeshinda juu ya lami, huweza kuwa na kwato zilizolika kupita kiasi, zenye nyufa.

Kabla ya kushika kisu, mtaalamu humtazama punda akiwa amesimama, kisha akitembea. Hugusa kila ukwato kuona kama una joto, na kupapasa mishipa iliyo juu yake kuona kama inapiga kwa nguvu. Uangalifu huu ni wa lazima kwa kuwa punda huficha maumivu. Farasi aliyeumia miguu kiasi hicho angekataa kwenda, lakini punda huweza kuendelea kuvuta, na mwenyewe akasema ni mvivu tu. Dalili zake ni za kimyakimya: kulala mara nyingi, kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kula polepole.

Kazi yenyewe huanza kwa kusafisha. Ncha iliyorefuka hupunguzwa kwa koleo kali la kwato, kisha kingo hulainishwa kwa tupa. Panga halifai. Unyayo hauchongwi ovyo, kwani ndio ngao ya mfupa. Visigino vilivyopanda juu hushushwa kidogo kidogo, maana kano na viungo vimekwisha kuzoea upinde ule wa kimakosa na vikinyooshwa ghafla huumia upya. Kwa sababu hiyo punda hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mwanzoni. Ukwato ukikaribia umbo lake, wiki sita hadi kumi zinatosha. Penye mashine ya eksirei, picha huonyesha mfupa umekaa wapi ndani ya ukwato. Mahali pengi vijijini mashine hiyo haipo, na hilo ni sababu ya kukata kidogo zaidi, si zaidi.

Ikiwa vikunjo vya ndani vimevimba, mnyama hupewa dawa ya kutuliza maumivu kwa maagizo ya daktari wa mifugo, akafungiwa sponji nene chini ya unyayo au kuwekwa kwenye mchanga mkavu wenye kina, unaotegemeza mguu wote. Jipu hufunguliwa usaha utoke, na ukwato huloweshwa katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi kabla ya kufungwa kitambaa safi. Hapa chanjo ya pepopunda haipaswi kusahauliwa. Ugonjwa huo haukubeba jina la punda bure: viini vyake hukaa katika udongo na samadi, na jamii ya farasi na punda huathirika nao kwa urahisi mno. Desturi ya kuchoma mguu mbovu kwa chuma cha moto, ambayo bado ipo sehemu kadhaa za Afrika, haitibu chochote ila huongeza kidonda.

Chakula nacho kina sehemu yake. Punda ameumbwa kula nyasi kavu na mabua. Mikate iliyochacha, pumba nyingi za nafaka na molasi humnenepesha, na unene huleta ule uvimbe wa ndani ya ukwato. Lakini punda mnene asinyimwe chakula ghafla. Akikaa na njaa, au akikataa kula kwa maumivu, mafuta ya mwili huingia kwa wingi katika damu na huweza kumuua. Hata kumtenga na mwenzake wakati wa matibabu humfanya asusie chakula, ndiyo maana inafaa wawili hao waletwe pamoja.

Huko Ulaya na Marekani, madaktari hukutana na kwato za namna hii kwa farasi wa kimo kifupi sana, wasiozidi sentimita 86 hivi mabegani kwa kipimo cha chama kimoja kikubwa cha Marekani. Wao hawabebi mzigo wowote. Huharibiwa na majani mabichi, unene na kusimama uani. Tiba ni ileile.

Kwa mwenye punda wa Kenya, kipengele kigumu zaidi si koleo wala dawa. Ni mapumziko. Punda asipovuta maji, nyumba haina chakula jioni, na methali ya punda afe mzigo wa bwana ufike hutimizwa neno kwa neno. Hata hivyo, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inaharamisha kumfanyisha kazi mnyama ambaye ugonjwa au jeraha limemfanya asiiweze. Hesabu ya kumtupa na kununua mwingine pia imebadilika. Vichinjio vilivyofunguliwa kuanzia mwaka 2016, vikiwemo vya Mogotio na Naivasha, vilinunua punda kwa ajili ya ngozi zilizouzwa China, wizi ukaenea na bei zikapanda. Serikali ilivifunga mwaka 2020, Mahakama Kuu ikabatilisha amri hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaafikiana kukomesha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Lamu, ambako punda hubeba mchanga na mawe ya matumbawe katika vichochoro visivyopitika kwa gari, ilipata kliniki ya punda mwaka 1987. Iliwekwa na shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary, lililoasisiwa na Elisabeth Svendsen mwaka 1969. Kwingineko, mahali pa kuanzia ni ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo.

Mwanapunda afunzwe kuinua miguu yote minne angali mdogo, dakika chache kila siku, kabla hajawa na nguvu za kumshinda anayemshika.