Mikwara, Subira na Daraja la Luweyeye: Mipaka ya Hesabu ya Poka

Mchezaji anayepandisha dau kila mara, awe na karata au asiwe nazo, huifanya meza kuwa yake. Wenzake huanza kucheza kwa hofu yake badala ya kucheza karata zao. Wataalamu wa poka wameshughulikia tatizo hili kwa miaka mingi, na dawa yake katika mchezo wa watu wawili inajulikana. Wasiwasi wangu ni pale dawa hiyo inapohamishiwa kwenye siasa na vita, kama inavyoweza kufanywa zinapojadiliwa siku za kujitenga kwa jimbo la Katanga, Kongo. Nadai kwamba hesabu ya poka inaeleza vizuri sehemu moja ya historia ile, yaani mvutano wa Umoja wa Mataifa na Moïse Tshombe, kiongozi wa utengano huo, na kwamba inatupotosha kabisa tunapofika Niemba, walikouawa askari wa Ireland mwaka 1960.

Tuanze mezani. Wanapocheza watu tisa au kumi, mwenye subira anaweza kutupa karata mbovu na kungoja jozi ya ree. Wakibaki wawili, subira ya aina hiyo humfilisi, kwa sababu katika kila mgao mmoja wao analipa dau dogo la lazima na mwingine kubwa. Anayengoja karata nzuri analiwa kidogokidogo. Kwa hiyo karata za wastani hupanda thamani, na kupandisha dau mara nyingi ni jambo la akili. Ukali wenyewe si kosa. Kosa ni ukali usio na uwiano, na uwiano huo unapimika.

Chukua mfano. Umeshika jozi ya tisa. Mezani kuna ree, bibi na karata tatu ndogo, na fungu la madau yaliyokwisha kuwekwa limefika shilingi 100. Mpinzani anaweka 100 nyingine. Jozi yako haimshindi mwenye ree wala mwenye bibi. Inamshinda mpiga mkwara tu, yaani anayeweka dau bila karata. Kufuata dau kutakugharimu 100 ili upate 200 zilizokwisha kuwekwa, hivyo ukishinda mara moja katika kila mara tatu huli hasara wala hupati faida. Ina maana kwamba mchezaji makini, kwa dau la kiasi hiki, atapiga mkwara mmoja kwa kila karata mbili za kweli. Sasa huyu wako ana papara: nusu ya madau yake ni mikwara. Mkikutana hali hiyo mara sita, utashinda tatu na kuingiza 600, utashindwa tatu na kutoa 300. Umebaki na 300, bila kupandisha dau hata mara moja.

Hiyo ndiyo siri ya kumkabili mkali kupita kiasi: huhitaji kumzidi ukali. Unafuata madau yake kwa karata ambazo mbele ya mchezaji mpole ungezitupa, na unamwachia nafasi aendelee kuweka. Kinyume chake nacho ni kweli. Ukitupa karata zaidi ya nusu ya mara anapoweka dau sawa na fungu, anapata faida kwa karata yoyote ile, hata asiyoitazama. Wengi hufilisika kwa njia mojawapo kati ya mbili: woga unaowafanya watupe kila kitu, au hasira inayowafanya wamjibu mkwara kwa mkwara mtu ambaye hana mazoea ya kutupa karata. Hasira ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inajiona kuwa ni ushujaa.

Nadharia imethibitisha hayo kwa hatua. John von Neumann aliandika juu ya michezo ya aina hii mwaka 1928, na katika kitabu alichokitoa pamoja na Oskar Morgenstern mwaka 1944 alionyesha kwamba mkwara ni sehemu ya lazima ya mchezo mzuri, na kwamba unapigwa kwa karata mbovu kabisa, si kwa zile za kati. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba kwa upande wa poka ya wawili yenye madau yaliyowekewa ukomo wamepata mbinu isiyoweza kushindwa kwa kiasi chochote cha maana. Januari 2017 programu ya Libratus ilicheza migao 120,000 kwa siku 20 huko Pittsburgh dhidi ya mabingwa wanne na kuwashinda. Ilisifika kwa kuweka madau makubwa kuliko fungu lenyewe: ukali mkubwa mno, lakini uliopimwa.

Angalia masharti yanayoibeba hesabu hii. Mchezo unarudiwa mara nyingi, hivyo hasara ya leo hufidiwa kesho. Ukifuata dau la mwisho, karata hufunuliwa, nawe unajifunza mpinzani ni mtu wa namna gani. Kinachopotea ni kitu unachoweza kumudu kukipoteza. Tena wachezaji ni wawili, na kila mmoja anajua anacheza na nani.

Sasa tuyapeleke masharti hayo Katanga. Tshombe alitangaza Katanga kujitenga tarehe 11 Julai 1960, akiungwa mkono na maofisa wa Kibelgiji na fedha za migodi. Siku tatu baadaye Baraza la Usalama likapitisha azimio 143 na majeshi ya Umoja wa Mataifa yakaanza kuingia Kongo, yakiwa na ruhusa ya kutumia silaha kwa kujihami tu. Kwa lugha ya mezani, Umoja wa Mataifa ulikaa mbele ya mchezaji mkali ukiwa umekwisha kumtangazia kwamba hautapandisha dau kamwe. Mpinzani akishajua hivyo, kila mkwara wake una faida. Azimio la tarehe 21 Februari 1961 liliruhusu nguvu kama hatua ya mwisho ya kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe, na la tarehe 24 Novemba mwaka huohuo likaruhusu nguvu dhidi ya mamluki. Desemba 1961, huko Kitona, Tshombe aliahidi kuachana na utengano, kisha akavuta muda kwa mwaka mzima. Alisalimu amri Januari 1963, baada ya majeshi ya Umoja wa Mataifa kusonga mbele kwa kweli. Hapa mfano wa poka unatusaidia: wachezaji wawili, ahadi na vitisho vilivyorudiwa, na kila safari karata kufunuliwa.

Lakini gharama ya miezi ile ya kwanza haikulipwa mezani. Kaskazini mwa Katanga, Waluba waliokifuata chama cha Balubakat cha Jason Sendwe waliukataa utengano. Jandarma za Tshombe, yaani askari wake, zikiongozwa na maofisa wa Kizungu, zilipita kwa magari zikichoma vijiji. Vijana wa Kiluba wakajihami kwa mishale, marungu na mapanga, wakakata barabara na kuvunja madaraja. Niemba, kituo cha reli inayotoka Kabalo kwenda Albertville, ambayo leo ni Kalemie, ilikuwa katikati ya moto huo. Wanajeshi wa Ireland wa batalioni ya 33, waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, wakawekwa hapo.

Tarehe 8 Novemba 1960 Luteni Kevin Gleeson alitoka Niemba na askari kumi, wakiwa kwenye magari, kwenda kwenye daraja lililovunjwa la mto Luweyeye. Walipokuwa wakilikagua, kundi kubwa la wapiganaji wa Kiluba lilitokea. Inaelezwa kwamba luteni aliwasogelea akawaamkia kwa Kiswahili, “Jambo”. Jibu lilikuwa mishale. Askari tisa waliuawa, akiwemo Gleeson. Wawili walinusurika, Thomas Kenny na Joseph Fitzpatrick. Mabaki ya Anthony Browne, mmoja wa waliouawa, yalipatikana miaka miwili baadaye.

Ni nani hapo aliyekuwa mchezaji mkali kupita kiasi? Anayeitazama Niemba kwa jicho la poka atamtaja Mluba, kisha ataanza kujadili kama Gleeson alipaswa kufyatua risasi mapema. Naukataa usomaji huo. Mkali alikuwa jandarma, naye siku ile hakuwepo. Wapiganaji wale waliona Wazungu wenye bunduki ndani ya magari, na Wazungu wenye bunduki ndani ya magari ndio waliokuwa wamechoma nyumba zao. Walijibu dau la mtu mwingine. Gleeson naye alifanya kile ambacho hesabu ingemshauri mtu mtulivu: hakujibu tishio kwa tishio. Utulivu wake haukuwa na kosa. Kilichokosekana ni masharti yote manne: hapakuwa na mgao wa pili, hapakuwa na karata za kufunuliwa, kilichowekwa kilikuwa roho za watu, na waliosimama pale hawakujua wanakabiliana na nani.

Kwa hiyo anayetaka kufundisha mbinu za kumkabili mkali aifundishe poka kama ilivyo, kwa tarakimu zake, na auchambue mvutano wa Tshombe na Umoja wa Mataifa kwa tarakimu hizo akitaka. Niemba aiache nje ya meza. Kazi iliyopo huko ni nyingine. Ireland imewaenzi askari wake, na simulizi za walionusurika zimesomwa na wengi. Simulizi za Waluba wa bonde la mto Lukuga, huko Niemba, hazijapata usikivu wa namna hiyo, na waliokuwa vijana mwaka 1960 sasa wana umri wa zaidi ya miaka themanini. Watafiti wa Kalemie na Lubumbashi, nendeni mkawasikilize wazee hao, nanyi wahariri wa majarida yetu, yachapisheni masimulizi yao kwa Kiswahili wakiwa bado hai.