Tarehe ya Wasukaji wa Pete

Mzee wa ukoo wa transfoma ni pete ya chuma. Michael Faraday aliisuka katika Royal Institution, London, Agosti 1831. Kipenyo chake cha nje kilikuwa inchi 6, na nyaya za shaba zilitengwa kwa nguo na nyuzi zisigusane. Koili moja aliiunganisha na betri. Sindano ya sumaku iliyokuwa karibu na waya wa koili ya pili ikashtuka. Kilichovuka baina ya koili hizo kilipita ndani ya chuma, kwa njia ya sumaku. Transfoma iliyo juu ya nguzo mtaani kwako ni ya uzao huo.

Wanaredio wa ridhaa waliirithi pamoja na udhaifu wake. Redio zao huundwa zitoe nguvu kwenye omu 50, na antena haina adabu hiyo: hii ina omu 12, ile 200, nyingine maelfu. Lazima pawe na transfoma ya kuzipatanisha. Lakini bendi zao za mawimbi mafupi huanzia megahezi 1.8 hadi karibu 30, na huko pande la chuma hupata moto na kula nguvu. Kwa miaka mingi walitegemea koili na kepasita za kuzungusha. Ukihama bendi, unaanza upya.

Dawa ya moto huo ilianzia Tokyo. Mwaka 1930, Yogoro Kato na Takeshi Takei walichanganya oksidi ya chuma na oksidi za metali nyingine, wakauchoma mchanganyiko huo kama mfinyanzi achomavyo vyungu. Likatoka jiwe jeusi lenye tabia ya sumaku lakini lisilopitisha umeme kirahisi: feraiti. Kampuni ya TDK ilianzishwa 1935 ili kuitengeneza, na kule Uholanzi J. L. Snoek wa Philips akaiendeleza.

Mapinduzi yenyewe yalitoka Uswisi. Mwaka 1944 Gustav Guanella, mhandisi wa Brown Boveri, alichapisha makala kuhusu nyaya mbili zinazolala sambamba na kuzungushwa pamoja kuwa koili. Mkondo uendao kwa waya mmoja hurudi kwa mwenzake, kiasi kile kile, ukielekea kinyume. Sumaku zao hufutana, na koili haihisi kitu. Nguvu husafiri katika nafasi iliyo kati ya nyaya hizo. Koili imewekwa kumzuia mkaidi tu, yaani mkondo unaotaka kupita nyaya zote mbili kwa kuelekea upande mmoja. Chukua jozi mbili za namna hiyo, kila moja ya omu 100. Upande wa redio ziunganishe sambamba, upate omu 50. Upande wa antena ziunganishe mfululizo, upate 200. Moja kwa nne, na sumaku haikubebeshwa mzigo. Kwa maoni yangu hakuna aliyemfikia tangu hapo.

Mwaka 1959 Clyde Ruthroff wa Bell Labs alileta njia ya mkato: jozi moja, pete ndogo ya feraiti, na volti iliyosafiri hadi mwisho wa jozi ikijumlishwa na ile ya mwanzo. Transfoma zake zilifanya kazi kuanzia makumi ya kilohezi hadi zaidi ya megahezi 1,000. Mkato nao una ushuru wake. Volti inayojumlishwa imechelewa njiani, na urefu wa jozi ukifika nusu ya wimbi, hakuna kinachotoka. Ndiyo maana wanaosuka za Ruthroff hubania sana urefu wa waya.

Miaka ya 1970 transista za nguvu zilikuja na ukinzani wa omu chache tu kwenye kiingilio, na Helge Granberg wa Motorola akaandika maelekezo ya vikuza nguvu ambavyo bado vinanakiliwa: mirija miwili ya metali inapita ndani ya feraiti na kuwa mzunguko mmoja, na waya wa upande wa pili unasukwa ndani ya mirija hiyo. Jerry Sevick, naye wa Bell Labs, alikuwa akijenga antena fupi za wima zenye ukinzani mdogo. Alihitaji transfoma za kuzifaa, akaanza kusuka na kupima. Kitabu chake kilichotolewa na ARRL, chama cha wanaredio wa ridhaa wa Marekani, mwaka 1987 ndicho kilichoiingiza fani hii majumbani.

Pete zenyewe zinadanganya macho. Za unga wa chuma hupakwa rangi, nyekundu ikiwa mchanganyiko namba 2. Feraiti hubaki kijivu: namba 43 na namba 61 ni mapacha kwa sura, ingawa ya kwanza hupitisha sumaku mara 800 hivi kuliko hewa na ya pili mara 125. Mwenye pete isiyo na lebo husuka mizunguko kumi akapima. Waya ni ule wa shaba wenye vanishi, wa mafundi wanaosuka mota, na ukipita tunduni mara moja huo umeshakuwa mzunguko mmoja, hata kama haukukunjwa.

Siku hizi transfoma inayosukwa sana ni ya 49 kwa 1, kwa antena ya nusu wimbi inayolishwa mwishoni. Mizunguko 2 upande wa redio, 14 upande wa antena. 14 kwa 2 ni 7, na 7 mara 7 ni 49, hivyo omu 2,450 hushuka kuwa 50. Kepasita ya pikofaradi 100 hunyoosha mambo kwenye bendi za juu. Waya mmoja juu ya mti na umemaliza, nani asipende? Ila Guanella ameachwa njiani: nguvu yote inapita tena katika sumaku ya pete, kama mwaka 1831. Pete hupata moto, na ya namba 43 ikipita kiasi cha nyuzi 130 za Selsiasi sumaku yake hufa, redio ikaanza kukataa mzigo katikati ya maongezi. Wenye kujali husuka mbili zinazofanana, huziunganisha kwa pande zao za antena, hupima desibeli zinazopotea, kisha hugawa kwa mbili. Wasio na subira huongeza pete ya pili juu ya ile ya kwanza, na ya tatu ikibidi.