Mjinga wa Ngonjera

Wazee wa pwani yetu ya Kilwa na Lindi waliona ushairi ni mali yao. Hawakukosa sababu: Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi ndiye aliyetunga utenzi wa Vita vya Maji Maji. Lakini mtunzi aliyejaza vinywa vya watoto wetu alitoka Ugogo, mbali na bahari. Huyo ni Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917.

Mnyampala aliandika historia na mila za Wagogo, akatunga na diwani. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi waieneze siasa ya Ujamaa kwa sanaa yao. Mnyampala akaitikia kwa ngonjera, yaani mashairi ya majibizano. Alifariki Juni 1969. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vikatoka mwaka 1970 na 1971, mwenyewe akiwa kaburini.

Mimi nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya Kilwa. Ngonjera ilinifaa sana. Mtoto mmoja husimama upande wa asiyejua, mwingine upande wa ajuaye; hubishana kwa vina na mizani, mwishowe mjinga huelimika, wakakubaliana. Hata mtoto asiyefungua kinywa darasani alipaza sauti uwanjani.

Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, nilifundisha ngonjera ya kusifu maisha ya vijijini. Mvulana aliyekuwa mjinga alikuwa amehamishwa na wazazi wake wiki chache kabla, wakaiacha minazi yao. Akaniuliza, "Mwalimu, ni lazima nikubali mwishoni?" Nikamkemea: "Ndivyo ilivyoandikwa!" Siku ya sherehe alikubali vizuri, wageni wakapiga makofi.

Baadaye, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nimewasikia wengi wakiibeza ngonjera kuwa ni kasuku wa siasa. Mimi simlaumu Mnyampala. Yeye aliweka pande mbili jukwaani, akampa asiyekubali beti zake kamili. Sisi walimu ndio tuliokuwa na haraka ya kufika ubeti wa mwisho.

Wanachuo wangu niliwaambia hivi: mtoto akiuliza kama ni lazima akubali, wekeni kitabu chini, mumsikilize kwanza. Yule mvulana sikumsikiliza. Ubeti wake wa kweli sikuupata hadi leo.