Uhusianifu, sababu na matokeo: mfano wa Kaloleni na Mlima Meru

Uhusianifu ni nadharia ya fizikia inayosema kwamba muda na urefu havina kipimo kimoja kwa watu wote. Hutegemea mwendo wa anayepima na nguvu ya mvutano mahali alipo. Albert Einstein aliitoa kwa awamu mbili: uhusianifu maalumu mwaka 1905, unaohusu mwendo, na uhusianifu wa jumla mwaka 1915, unaohusu mvutano. Mara nyingi hufundishwa kwa mifano ya vyombo vya angani ambavyo hakuna aliyewahi kuvipanda. Kaloleni, kata ya Jiji la Arusha, na Mlima Meru unaosimama kaskazini yake, ni mfano bora zaidi, kwa sababu namba zake ni za mahali panapojulikana.

Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Meru kina mita 4,566. Uhusianifu wa jumla unasema saa iliyo juu, ambako mvutano wa dunia umelegea kidogo, huenda mbele ya saa iliyo chini. Kiasi chake hupatikana kwa kuzidisha tofauti ya kimo kwa mchapuko wa mvutano, yaani mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, kisha kugawa kwa mraba wa kasi ya mwanga. Kwa mita hizo 3,160 na ushei, saa ya kileleni huitangulia ya Kaloleni kwa nanosekunde 30 hivi kwa siku, au mikrosekunde 11 kwa mwaka. Mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde, hivyo mtu angekaa kileleni miaka 80 bila kupata hata elfu moja ya sekunde. Hata hivyo tofauti ipo, na si hitilafu ya saa. Mapigo ya moyo, kuoza kwa atomi, kuota kwa mbegu, vyote huenda pamoja na saa ya mahali vilipo. Mwaka 2010 watafiti nchini Marekani waliipima tofauti hiyo kwa saa mbili za atomi zilizopishana kimo cha sentimita 33 tu.

Aliye na simu mfukoni tayari anaitegemea hesabu hii. Setilaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, zikikimbia karibu kilomita 4 kwa sekunde. Kwa sababu ya kimo, saa zake hupata mikrosekunde 45 kwa siku. Kwa sababu ya mwendo, hupoteza 7. Zinabaki 38. Mwanga hukata zaidi ya kilomita 11 katika muda huo, na ndiyo maana saa hizo hurekebishwa tangu kiwandani. Mwaka 1977 setilaiti ya majaribio NTS-2 ilirushwa, na saa yake ikaachwa siku 20 bila marekebisho ili ijulikane kama Einstein alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi. Dereva wa bodaboda anayetafuta abiria Kaloleni kwa ramani ya simu, na dereva wa watalii anayetafuta njia ya Ngorongoro, wote wanatumia jibu la swali hilo.

Swali linaloulizwa mara nyingi kuhusu uhusianifu ni hili: kama muda hauko sawa kwa wote, je, matokeo yanaweza kutangulia sababu? Hayawezi. Kutoka Kaloleni hadi kilele cha Meru ni kilomita 15 hivi kwa mstari ulionyooka, na mwanga, ambao huenda kilomita 299,792 kwa sekunde, huvuka umbali huo kwa mikrosekunde 50. Taa ikiwashwa kileleni na nyingine Kaloleni ndani ya muda mfupi kuliko huo, hakuna habari inayoweza kutoka ya kwanza ikaifikia ya pili kwa wakati, kwa hiyo hakuna inayoweza kuwa sababu ya mwenziwe. Kuhusu taa za namna hiyo, wapimaji wawili wanaokimbia pande tofauti wanaweza kubishana ipi ilitangulia, na wote wakawa sahihi. Lakini pale ambapo mwanga ungeweza kutoka tukio moja ukafika jingine, wapimaji wote duniani na angani hukubaliana juu ya mpangilio. Kuuita wakati uleule saa moja au saa saba ni makubaliano ya watu. Sababu kuja kabla ya matokeo si makubaliano.

Kutangulia peke yake, hata hivyo, hakutoshi kulifanya tukio kuwa sababu, na mkoa wa Arusha una ushahidi mzuri wa hilo. Tarehe 17 Julai 2007 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitokea karibu na mlima Gelai, kilomita 80 hadi 90 kutoka mjini, likasikika Arusha na hata Nairobi. Tarehe 4 Septemba volkano ya Ol Doinyo Lengai ilianza kulipuka kwa nguvu. Ilikuwa rahisi kusema tetemeko ndilo lililoamsha volkano. Picha za rada za setilaiti, zikisaidiwa na mifano ya kompyuta, zilionyesha mambo mengi zaidi: miamba iliteleza polepole kwenye ufa, magma ikapenya chini ya Gelai, na sehemu kubwa ya nguvu ilitoka bila mtikisiko ambao watu wangeusikia. Tetemeko lililowatoa watu nje ya nyumba lilikuwa sehemu ndogo ya tukio zima. Tangu mwaka 2016 mtandao wa TZVOLCANO, wanaoshirikiana nao wakiwemo Chuo Kikuu cha Ardhi na Virginia Tech ya Marekani, hupima kwa setilaiti jinsi ardhi ya kuzunguka Lengai inavyopanda na kushuka kwa milimita. Vipimo hivyo navyo visingewezekana bila marekebisho ya uhusianifu.

Uigaji wa kompyuta ndio daraja kati ya kipimo cha juu ya ardhi na sababu iliyofichika chini. Nao unafungwa na sheria ileile ya mpangilio. Tuseme mtafiti amegawa miamba kati ya Gelai na Arusha kuwa vipande vya mita 100. Wimbi la kwanza la tetemeko hukimbia kilomita 6 hivi kwa sekunde. Linafika mjini baada ya sekunde 13 hadi 15, na huvuka kipande kimoja kwa sekunde 0.017. Programu ikipiga hatua ya muda iliyo ndefu kuliko hiyo, wimbi hutakiwa kufika mahali ambako habari zake hazijafika. Namba huanza kuyumba, hukua bila kikomo, na kompyuta hutoa tetemeko ambalo halipo. Sharti hili lilielezwa mwaka 1928 na Richard Courant, Kurt Friedrichs na Hans Lewy, kabla ya kompyuta za kielektroniki kuwapo. Mwanafunzi yeyote wa uigaji anapaswa kulijua kabla ya kujifunza kuchora picha nzuri.

Uigaji wa uhusianifu wenyewe ulichelewa kwa sababu ya ugumu wa milinganyo yake. Mwaka 2005 Frans Pretorius alifaulu kuiga mashimo meusi mawili, yaani mahali ambako mvutano ni mkubwa hata mwanga hauwezi kutoka, yakizungukana hadi kuungana. Tarehe 14 Septemba 2015 vituo vya LIGO vya Marekani vilinasa mawimbi ya mvutano yaliyofanana na yale ya uigaji.

Afrika Mashariki ilikuwa na sehemu yake katika habari za mashimo meusi mapema zaidi. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Vipimo vyake vilisaidia kukitambua chanzo cha eksirei kiitwacho Cygnus X-1 kuwa mgombea wa kwanza mwenye nguvu wa kuitwa shimo jeusi. Hata kabla ya hapo, kupatwa kwa jua kwa tarehe 29 Mei 1919, ambako wanasayansi wa Uingereza walipima kupinda kwa mwanga wa nyota huko Príncipe na Sobral ili kuijaribu nadharia ya Einstein, kivuli chake kilipita pia eneo lililokuja kuitwa Tanganyika kuelekea machweo.

Wapo wanaouliza kama ulimwengu wote ni uigaji wa kompyuta, hoja iliyotolewa na mwanafalsafa Nick Bostrom mwaka 2003. Hadi sasa hakuna kipimo kinachokubalika cha kuithibitisha au kuikanusha, kwa hiyo mahali pake ni falsafa, si fizikia. Msomaji anayetaka fizikia achukue kalamu afanye hesabu ya Meru kwa mlima wa jirani: kati ya Moshi mjini na kilele cha Kilimanjaro, chenye mita 5,895, kuna tofauti ya mita 5,000 hivi, na jibu lake linapaswa kukaribia mikrosekunde 17 kwa mwaka.