Joto la Maji na Ufikivu: Molo na Haki ya Kuogelea

Sheria za Kenya hazikuwasahau watu wenye ulemavu katika suala la michezo. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 kiliwapa haki ya kutumia bila malipo viwanja na majengo ya michezo ya serikali. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 ikaongeza haki ya kufika mahali pote ipasavyo. Na mwaka 2025 ikaja sheria mpya badala ya ile ya 2003. Hata hivyo, haki ya kuingia bure iliishia kwenye mali ya serikali, ilhali mabwawa mengi ya ukanda wa Nakuru yamo ndani ya hoteli, klabu na shule za kulipia. Hilo ni tatizo linalojulikana. Lisilosemwa ni kwamba hata dhana yenyewe ya ufikivu tumeichukua nusu: tunahesabu ngazi na kupima upana wa milango, kisha tunasahau joto la maji.

Molo, mji wa Kaunti ya Nakuru, uko takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haihitaji ushahidi kwa yeyote aliyeamka huko mwezi wa Julai. Mtu mwenye mtindio wa ubongo, au aliyepatwa na kiharusi, misuli yake hukaza zaidi aingiapo maji baridi. Aliyeumia uti wa mgongo huenda mwili wake usiweze kulinda joto lake. Kwa sababu hiyo matabibu wa viungo hutumia maji ya nyuzijoto zipatazo 33 hadi 35. Mteremko mzuri unaoishia kwenye maji ya baridi humfikisha mtu huyu kwenye kizuizi kingine tu. Wala wahitaji si wachache kama inavyodhaniwa. Barabara ya Nakuru–Eldoret, kipande cha Salgaa na Sachangwan, imelemaza watu kwa ajali kwa miaka mingi. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lililopinduka Sachangwan, karibu na Molo, liliwaka moto, likaua zaidi ya watu 100 na kuunguza wengine wengi. Na kovu la moto hukaza kiungo muda mrefu baada ya kidonda kupona. Ongeza wazee wenye maumivu ya magoti, ambao hakuna daftari linalowaita walemavu.

Joto linalohitajika limo ndani ya kaunti hiyohiyo. Olkaria, karibu na Naivasha, bwawa la maji ya jotoardhi limekuwa likipokea wageni tangu 2013. Menengai, pembeni mwa jiji la Nakuru, Kampuni ya Ustawishaji Jotoardhi imeonyesha kwamba maji ya visima vyake yanaweza kupasha moto mabwawa ya samaki, kustawisha mboga katika vitalunyumba na kupasha maziwa joto la kuua vijidudu. Ikiwa samaki wamepatiwa maji ya vuguvugu, sioni sababu ya kumkosesha mtoto asiyeweza kutembea. Aislandi imejenga mabwawa ya umma yenye maji ya jotoardhi hata katika miji midogo, nayo ni nchi ya baridi kupita Molo.

Wapo watakaosema Molo inahitaji kwanza barabara, dawa na maji ya kunywa. Ni kweli, lakini tiba ya viungo ni sehemu ya afya, na kiungo kilichoachwa kikakaza hudai matunzo ya maisha yote. Pingamizi zito zaidi ni umbali: maji ya Menengai hayawezi kuvutwa kwa bomba hadi Molo yakafika yakiwa bado moto. Nakubali. Basi bwawa lijengwe Menengai, na kaunti itoe gari lenye lifti ya viti vya magurudumu kutoka Molo kwa siku maalumu. Sheria ya 2003 yenyewe ilitaja usafiri pamoja na majengo na vifaa. Kuhusu gharama, kanuni za Marekani hudai bwawa dogo la umma liwe na angalau njia moja ya kuingilia majini, ama lifti au mteremko usiozidi 1 kwa 12. Mteremko huo ukichorwa kabla ya zege kumwagwa, nyongeza yake ni ndogo. Kubomoa baadaye ndiko kunakomaliza fedha.

Jedwali la Nne la Katiba limekabidhi kaunti vifaa vya michezo na burudani. Mpango wa maendeleo wa Kaunti ya Nakuru wa 2023–2027 utafuatwa na mwingine, na wananchi wataitwa kutoa maoni. Wakazi wa Molo waende na ombi hili likiwa limeandikwa, na nyuzijoto za maji zitajwe humo kwa tarakimu.